Mwaka Tuliopika Sabuni

Perpetua alinipigia simu nikiwa nachambua mchele. "Zuhura," akasema, "Mwalimu Mloka amefariki. Tunazika kesho saa tisa, kule kwake Mlali." Sikumuuliza amekufa kwa nini. Katika umri wetu huu mtu haulizi tena sababu, anauliza saa ya maziko na kama kuna usafiri wa kurudi. Kesho yake nilikwenda, nikakaa kwenye mkeka na wanawake wengine, magoti yakiniuma, tukasomewa wasifu wa marehemu na mtoto wa kaka yake. Kijana alisoma haraka kama watu wasomavyo jambo ambalo hawakulishuhudia. "Marehemu alifundisha kemia katika shule ya sekondari ya wasichana mjini Morogoro. Baadaye alihamishiwa shule ya msingi hapa kijijini, alikofundisha hadi kustaafu." Akageuza karatasi, akaendelea na majina ya watoto na wajukuu. Perpetua alikuwa amekaa kushoto kwangu, jicho lake la kulia, lile lisiloona, likiwa upande wangu, kwa hiyo hakuona nilivyoinamisha kichwa kwenye neno lile "baadaye". Ndani ya neno lile mna mwaka mzima, na huo mwaka mimi ndiye ninayeujua kuliko wote waliobaki. Nimestaafu, nimezika wengi, nimechoka. Naandika haya kwa uchovu huohuo, na sidhani kama kuyaandika kutanipumzisha.

Nilikuwa kidato cha tatu. Vita vilikuwa vimekwisha na askari wamerudi, lakini madukani hakukuwa kumerudi kitu. Shule yetu ilikuwa chini ya mlima, pale mji unapoishia na miteremko ya Uluguru inapoanza, na kila asubuhi baada ya mchakamchaka tulirudi bwaloni tukapewa chai ya rangi isiyo na sukari, ingawa miwa ilistawi katika mkoa wetu wenyewe na malori yake tuliyaona yakipita. Mchana tulikula ugali wa unga wa njano uliokuwa na harufu ya gunia, kwa maharage ambayo wadudu wake walielea juu ya mchuzi. Mwezi wa kwanza tuliwatoa kwa kijiko, wa pili tukawasukuma pembeni, wa tatu tukawala bila kutazama. Lakini njaa haikuwa jambo kubwa. Kilichotutesa ni sabuni. Foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika ilianza kabla duka halijafunguliwa, na mara nyingi iliisha bila mtu kupata kitu. Tulifulia majani ya mpapai, yakaziacha blauzi zetu nyeupe na madoa ya kijani kibichi kwapani. Kisha upele ukaingia bwenini. Ulianzia katikati ya vidole, ukapanda viwiko, ukashuka kiunoni. Bado naweza kuisikia sauti ya wasichana arobaini wakijikuna katika chumba kimoja chenye vitanda vya chuma. Matroni alitupaka dawa nyeupe iliyowasha kama pilipili, akasema kila wiki maneno yaleyale: "Dawa bila sabuni ni kazi bure, wanangu."

Perpetua alilala kitanda cha juu yangu. Alitoka juu kabisa mlimani, kwenye kijiji cha misheni ambako wazazi wake walilima kabichi na njegere, na alipozungumza sentensi zake zilipanda mwishoni kama njia za kwao. Alitaka kuwa muuguzi. Alikuwa na nywele nyingi kuliko sisi sote, na alikataa kunyoa hata upele ulipoingia kichwani, kwa sababu mama yake ndiye aliyekuwa akimsuka na alisema akinyoa atakuwa amemnyoa mama. Mimi nilikuwa kiranja wa maabara. Ukiranja ule ulinipa ufunguo mmoja, na ulinipa kiburi ambacho sikukijua kuwa ni kiburi.

Maabara ilikuwa chumba cha mwisho cha jengo la chini. Madirisha yake yalitazama mlima, na ukungu uliposhuka chumba kilikuwa baridi hata mchana. Rafu zilijaa chupa zenye majina mazuri na ndani hamna kitu. Mabomba yalikohoa hewa. Karatasi za litmasi zilikwisha tulipokuwa kidato cha kwanza, na wizara ilipoandikiwa ilijibu kwamba barua imepokelewa. Mwalimu wetu, Mwalimu Mloka, alikuwa mtu mwembamba wa miaka kama thelathini na mitano, mwenye suruali moja ya kijivu na sauti ya polepole ambayo ilitulazimisha tunyamaze ili tuisikie. Siku moja aliingia darasani na gunia dogo begani. Akalimwaga mezani. Ilikuwa choya kavu, yale maua mekundu ya kuchemshia kinywaji, ambayo mke wake alilima nyumbani kwao Mlali.

"Nani hajawahi kunywa hii?" akauliza.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mmekuwa mkinywa kipimo bila kujua."

Aliichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, akachuja kwa kitambaa, akatugawia kidogokidogo kwenye vikombe vya udongo, maana vioo vilikuwa vichache. Kisha akatupa vitu tulivyovijua jikoni kwetu. Tukatia tone la ndimu, choya ikawaka nyekundu kuliko ilivyokuwa. Tukatia ukwaju, ikabaki nyekundu. Maji ya mvua yaliifanya zambarau iliyofifia, magadi ya kupikia maharage yakaipeleka kwenye kijani cha bluu, na maji ya majivu ya jikoni yakaifanya kijani hasa. Mwisho akatoa chupa ndogo yenye mfuniko uliokazwa sana, akatuambia tusogee nyuma, akadondosha mwenyewe tone moja la maji ya kostiki, ile alkali kali ya viwandani. Choya ikapita kwenye kijani bila kusimama, ikawa njano. Wasichana wakapiga ukelele wa furaha. Yeye hakucheka. Alipaka rangi hizo zote kwenye ubao wa kadi, kutoka nyekundu hadi njano, akaandika namba za pH chini yake, kuanzia moja hadi kumi na nne, akautundika ukutani. Masomo yalipaswa kuwa kwa Kiingereza, lakini siku hiyo alifunga mlango akatueleza kwa Kiswahili. "Msidanganyike na namba hizi. Ukitoka kumi kwenda kumi na moja, hujaongeza kitu kimoja. Umeongeza mara kumi. Ukitoka kumi kwenda kumi na tatu umeongeza mara ngapi?" Nilikuwa wa kwanza kujibu. "Mara elfu, Mwalimu." Akasema vizuri sana, Zuhura, nami nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Habari za choya zilimfikia mkuu wa shule, Bibi Mkuu kama tulivyomwita, mama mnene mwenye miwani, mchapakazi, ambaye upele wetu ulimnyima raha kweli. Sitaki mtu asome hapa akadhani alikuwa mbaya. Kila shule ilitakiwa kuwa na mradi wa kujitegemea, na wa kwetu, bustani ya mchicha, ulikuwa umekauka. Aliona kwamba mwalimu anayeweza kupima ukali wa kitu anaweza kupika sabuni. Mzazi mmoja aliyefanya kazi kiwandani akapata kostiki, machinjio yakatoa mafuta ya ng'ombe, na kuanzia hapo kila mafuta yalipopatikana tulipika sabuni nyuma ya jiko la shule, kwenye pipa lililokatwa katikati, tukikoroga kwa mti mrefu kwa zamu hadi mikono inakufa ganzi. Harufu ya mafuta yale iliingia kwenye sare, kwenye vitabu, kwenye ugali. Mwalimu Mloka alisimama upande wa upepo akirudia jambo moja: sabuni mbichi si sabuni. Kostiki inahitaji muda iishe kuunguza mafuta, na ile isiyoisha itaunguza ngozi. Kila pishi lingekaa kwenye rafu za maabara wiki nne, kisha lipimwe kwa choya. Ikionyesha kijani, tisa au kumi, igawiwe. Ikionyesha njano, irudishwe jikoni. Matokeo yaandikwe kwenye daftari, na mwenye daftari nilikuwa mimi. Pishi la kwanza lilitoka vizuri. Tulioga. Sijui kama nitaweza kumweleza mtu wa leo furaha ya povu. Wasichana waliimba bafuni, na matroni akasimama mlangoni akitabasamu kama aliyezaa upya.

Lakini pishi la kwanza liliisha ndani ya wiki mbili, na upele, ambao ulikuwa umerudi nyuma kidogo tu, ukaja tena. La pili lilikuwa na wiki mbili rafuni nilipoyasikia mazungumzo ambayo hayakunihusu. Stoo ya maabara ilipakana na ofisi ya Bibi Mkuu, na ukuta uliishia chini ya dari. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye chupa.

"Mgeni rasmi kutoka Chamani anakuja Jumamosi," alisema Bibi Mkuu. "Nimemwambia shule inajitengenezea sabuni. Nimwonyeshe nini, watoto wanaojikuna?"

"Haijakomaa, Mama. Inahitaji wiki mbili nyingine."

"Kipimo chako si kinaonyesha kama iko tayari?"

"Kinaonyesha."

"Basi ipime. Ikisema iko tayari nigawe, ikisema bado nitanyamaza. Sijakuomba uongo, Mwalimu."

Kisha nikamsikia akisema, kwa ile sauti yake ya polepole, "Nitaipima Ijumaa."

Ijumaa hakuja. Malaria ilimwangusha Alhamisi usiku, wakamlaza hospitali ya mkoa. Kabla hawajamchukua aliniachia kipande cha karatasi kwa matroni: pima miche mitatu kutoka sehemu tofauti za rafu, tumia maji ya mvua, andika unachokiona. Nimeikumbuka karatasi hiyo kwa miaka mingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupokea. Andika unachokiona.

Nilifungua maabara saa kumi jioni. Nilikuwa nimechoka, na hilo silitoi kama udhuru, lakini ndivyo ilivyokuwa: mchakamchaka, masomo, kufyeka nyasi za uwanja kwa ajili ya mgeni, na usiku uliotangulia sikulala kwa kujikuna. Nilikwangua mche wa kwanza, nikauyeyusha kwenye maji ya mvua, nikatia choya. Njano. Nikakwangua wa pili kutoka rafu ya katikati. Njano, iliyokolea kuliko ya kwanza. Wa tatu niliutoa mwisho wa rafu ya chini, karibu na dirisha, nikatia choya, nikasubiri. Ukawa kijani. Kijani safi, namba tisa au kumi, kama ile ya pishi la kwanza. Niliitazama rangi ile kwa shukrani. Wakati huo Bibi Mkuu akatokea mlangoni. Hakuingia. Aliuliza tu, "Vipi, mwanangu, iko tayari?" na katika kuuliza akajikuna mkononi, chini ya bangili. Hata yeye. Nikaangalia kikombe cha tatu nikasema, "Iko tayari, Bibi Mkuu." Alipoondoka nilimwaga vikombe viwili vya kwanza kwenye sinki. Nikafungua daftari nikaandika: mche wa kwanza, kijani, mche wa pili, kijani, mche wa tatu, kijani. Nilijiambia kwamba nimekosea kuyeyusha ile miwili. Nilijiambia kwamba rangi ya mwisho ndiyo ya kweli. Mtu akiwa amechoka na anawashwa, kujidanganya hakuchukui muda.

Sabuni iligawiwa jioni ileile ili Jumamosi tuwe safi. Wengi walipata wekundu mikononi wakadhani ni upele. Asubuhi Perpetua alikwenda bafuni kuosha nywele zake zote zile. Alipaka sabuni kichwani, akasugua, povu likamshukia usoni. Nilisikia ukelele nikiwa bado nafunga viatu. Nilipofika alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu, mikono machoni, akiita mama yake kwa Kiluguru. Matroni alikuja mbio na ndimu mkononi. "Alkali huuliwa na asidi, si ndivyo mnavyofundishwa?" alisema, akainama kuikamua machoni pake. Nilimshika mkono nikamsukuma. Mwalimu Mloka alituonya zaidi ya mara moja: machoni ni maji tu, maji mengi, kamwe usitie asidi, utaunguza mara mbili. Nilimlaza Perpetua chali, nikamfungua kope kwa vidole vyangu, nikammiminia maji ndoo baada ya ndoo, wasichana wakipokezana kutoka kwenye tangi, hadi gari la shule lilipopatikana. Jicho la kushoto lilipona. La kulia liliingia ukungu mweupe, na ukungu huo haujatoka hadi leo.

Wiki mbili baadaye, kwenye mstari wa asubuhi, Bibi Mkuu aliniita mbele. Daktari alikuwa amesema maji yale ndiyo yaliyookoa jicho moja. Shule nzima ilinipigia makofi. Nilisimama pale nikiangalia viatu vyangu, na watu wakasema Zuhura ana haya.

Sabuni yote ilifukiwa shimoni siku ileile ya ajali, kwa amri ya Bibi Mkuu, na gunia la choya likachomwa pamoja na kadi ya rangi. Mwalimu Mloka alipotoka hospitali, ngozi yake ya njano na macho yamezama, hakukuta kitu cha kupima tena. Alikuta daftari. Watu watatu walikuja kutoka wilayani, wakakaa maabara, wakatuita mmoja mmoja, kisha wakatuweka pamoja, mimi, Bibi Mkuu na yeye. Mmoja wao alisoma ukurasa wangu kwa sauti. Kijani, kijani, kijani.

"Mwanafunzi aliandika alichokiona?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo. Mwalimu Mloka akanitazama, kisha akajibu yeye.

"Mwanafunzi huyu ni mwaminifu, namjua. Daftari halina kosa. Kosa ni la kipimo. Nilipima mambo makubwa kwa kinywaji cha jikoni. Mimi ndiye niliyeamini maua."

Niliuelewa mtazamo ule mara moja, au nilidhani nimeuelewa. Nilisema moyoni, amejua. Amejua na anaubeba mwenyewe ili nisifukuzwe shule. Nikafunga mdomo. Baada ya mwezi aliondoka. Tulimwona kutoka dirisha la darasa akipakia kitanda na sanduku moja kwenye lori la kijiji, amevaa suruali ileile ya kijivu. Hakuja kutuaga, na hilo nalo nililichukua kama sehemu ya ukarimu wake.

Kwa deni hilo nikasoma. Siwezi kueleza kwa namna nyingine. Nilisoma kemia kana kwamba kuna mtu amenilipia kwa mwili wake, nikaenda chuo kikuu, nikaajiriwa kupima maji, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimechota maji ya mito inayoshuka Uluguru nikayaingizia kifaa na kuandika namba. Sijawahi kuandika namba ambayo sikuiona. Vijana niliowafundisha kazi waliniita Mama Rudia, kwa sababu kila kipimo niliwarudishia. Perpetua alimaliza kidato cha nne, akaomba uuguzi, akakataliwa kwa ajili ya jicho. Akarudi mlimani kulima kabichi. Tulipokuwa na watoto tayari, nilipanda hadi kwake nikamwambia yote, jikoni, akiwa anakatakata majani ya maboga. Aliendelea kukata. "Mimi nilijua una kitu," akasema. "Tulipokuwa shule ulikuwa unanifulia hata nguo za ndani. Nani anafanya hivyo bure?" Kisha akalia kidogo, nami nikalia, akaniambia nisimnyime heshima ya kukaribisha mgeni, nile. Baada ya chakula aliniuliza, "Na Mwalimu je? Umemwambia?" Nikamjibu, "Mwalimu anajua. Yeye ndiye aliyenifichia." Lakini kila tulipokutana aliniuliza tena, mwaka baada ya mwaka, na kila mara nilimjibu vilevile, hadi siku nilipostaafu nikakosa kisingizio cha kazi.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Nilimkuta Mwalimu Mloka amekaa nje ya nyumba yake Mlali, kwenye kiti cha kamba, mzee aliyekauka, fimbo kando yake. Mke wake, Mama Anna, alikuwa anapeta mpunga hatua chache kutoka pale. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mama. Nani mwenzangu?" Nilimtajia jina. Alifikiri, kisha uso wake ukafunguka. "Mara elfu!" akasema. "Mwenye mara elfu!" Alifurahi kiasi kwamba ilinichukua muda kuanza. Nilimweleza kazi yangu, akauliza vifaa vyetu vilisahihishwaje, kwa maji gani, kila baada ya muda gani, maswali ya mtu ambaye hajaacha kufikiri. Mwishowe nikasema nilichojia.

"Mwalimu, nimekuja kukushukuru. Nimechelewa sana. Nakushukuru kwa kunifichia siku ile."

Akanitazama. "Kukufichia nini?"

Nilidhani ni uzee. "Daftari, Mwalimu. La sabuni."

"Daftari lilikuwa na nini?"

Ungo wa Mama Anna ulikuwa bado unapiga mlio wake wa taratibu. Nikamwambia. Miche mitatu. Wa kwanza njano, wa pili njano, wa tatu kijani, nami nikaandika kijani yote mitatu. Alisikiliza kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama alivyosikiliza majibu yetu darasani.

"Njano ipi?" akauliza. "Ya kuelekea kijani?"

"Hapana, Mwalimu. Njano kabisa. Ile ya mwisho kwenye kadi."

"Kumi na tatu au zaidi," akasema. "Basi hatukukoroga vizuri. Mafuta yaliganda upande mmoja kabla ya kostiki kusambaa. Ndiyo maana wa tatu ulitofautiana." Kisha akasema, si kwangu, alisema kuelekea uani, "Kilifanya kazi. Kipimo kilifanya kazi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwahi kunifichia. Aliniamini. Mbele ya watu watatu wa wilaya alisema alichokiamini: kwamba mtoto aliandika ukweli na kwamba maua yake yalikuwa yamemdanganya, yakamtoa mtoto wa watu jicho. Aliniambia kwamba mwaka wake wa kwanza hapo kijijini alichemsha choya karibu kila jioni, akaipima kwa majivu, kwa magadi, kwa chokaa, akitafuta ni wapi inapokosea. Haikukosea. Akahitimisha kwamba gunia la mwaka ule lilikuwa limeingia unyevu, na kwamba alipaswa kulijaribu kabla ya kulitumia. Hakuleta choya darasani tena. Watoto wa shule ile ya msingi aliwafundisha asidi na alkali kwa chaki, ubaoni, hadi alipostaafu.

"Ungeniambia, Zuhura," akasema. "Hata kwa barua."

"Nilidhani unajua, Mwalimu."

"Ningejuaje? Wewe ndiye uliyekuwa unaona."

Nilimwomba msamaha. Niliomba kwa maneno niliyokuwa nimeyaandaa kwa ajili ya mtu mwingine, yule wa kichwani mwangu aliyekuwa amenifichia, nayo hayakumkaa huyu. Hakukasirika, au kama alikasirika hakuwa na nguvu za kulionyesha hilo. Alimwita mkewe aniletee chai. Nilikunywa. Mama Anna aliuliza habari za wajukuu wangu, nikamjibu. Mwalimu alishika kikombe bila kunywa, midomo ikitikisika kidogo kama mtu anayepiga hesabu. Chai yangu ilipokwisha alichukua fimbo yake, akainuka kwa taabu, nami nikainuka nikidhani tunaagana. Alisimama mbele yangu kitambo.

"Nimekusikia," akasema, akaingia ndani kulala. Mama Anna ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani.